Neno la Siri la Mwenyekiti

Nilikuwa nimekaa mkekani nyuma ya nyumba, Sindeni, namenya vitunguu saumu vya pilau ya arobaini, nikasikia habari zangu mwenyewe zikisimuliwa. Msimuliaji alikuwa mama mmoja mnene wa kanga ya kijani, tusiyejuana naye, aliyeshika mwiko wa sufuria kubwa na mazungumzo yote ya pale jikoni. "Marehemu ndiye aliyeleta kompyuta Handeni hii," alisema, "watu tukiwa hatujui hata inawashiwa wapi. Sasa wakaweka pale binti mmoja wa Mazingara, mjuaji huyo, usiseme! Akaifunga kwa neno lake la siri. Mzee wa watu akawa anabisha hodi kwenye ofisi yake mwenyewe kama mgeni. Mradi ukafia hapo." Wenzake wakaguna. Mmoja akauliza binti huyo aliishia wapi, akajibiwa kwamba alikimbilia Korogwe, na huko haijulikani anafunga nini. Wakacheka. Nami nikacheka, maana ukiwa katikati ya wanawake wanaocheka halafu ukainama peke yako, watakutazama. Nina mvi siku hizi, nina wajukuu, na kwa miaka mingi nimefundisha watu kompyuta pale Korogwe. Lakini masikio yaliniwaka moto, na kile kitunguu nilichoshika nikakimenya mpaka kikaisha. Binti yule wa Mazingara ni mimi.

Ofisi yetu ilikuwa Chanika, mjini Handeni, kwenye pembe ya ghala la zamani la ushirika. Ghala lenyewe lilikuwa tupu. Soko huria lilikuwa limeshaingia, wanunuzi wanakuja na malori yao na mizani yao, wanakufuata mpaka shambani na kukutajia bei wanayotaka wao, na mkulima wa machungwa hana pa kuulizia kama anaibiwa au anasaidiwa. Ndiyo maana wakulima wa machungwa na mahindi wakaunda kikundi, wakamchagua Mzee Semgaya awe mwenyekiti, na wafadhili fulani wakawapa kompyuta moja iliyotumika, ya kuletea bei za Korogwe na Dar kwa njia ya simu. Ilikuwa inatumia mfumo wa Linux, kwa sababu Linux ilikuwa ya bure. Vijana waliokwisha kufika Tanga walipita dirishani wakaona nembo yake kwenye kioo, ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, wakatucheka: "Kompyuta gani hii ya bata?" Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naandika haraka, nikapewa kazi ya kuitunza. Nililala chumba cha nyuma, kilichokuwa bado kinanuka magunia na dawa ya wadudu, nikipikia jiko la mafuta ya taa. Jioni nilikula bada, ugali wa muhogo, na mlenda nimekaa kwenye kizingiti, naitazama mashine ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na nilijiona mtu mkubwa sana. Sijawahi kujiona mkubwa kiasi kile tena.

Aliyekuja kuipanga ni Fundi Shehoza, Msambaa wa Mashewa aliyekuwa na duka la ufundi Korogwe, mwembamba, mcheshi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Kamati nzima ilikaa kwenye benchi kumsikiliza. Akaeleza kwamba si vizuri watu wote kuingia kwa akaunti moja. Kila mmoja atakuwa na akaunti yake, kama mtu na chumba chake. Halafu kuna akaunti kuu. Mwenye hiyo ndiye anayeruhusiwa kubadilisha mipangilio: kuongeza mtu, kumwondoa mtu, kurekebisha mtandao. "Hiyo nashauri abaki nayo Zaituni," alisema, "kwa kuwa ndiye atakayekuwa hapa kila siku." Benchi likalia. Katibu Mhando, mtu wa sauti kubwa, akasimama. "Samahani, fundi. Yaani binti huyu awe na uwezo wa kumwondoa mwenyekiti?" Fundi akasema kimashine anao, lakini hatafanya hivyo. "Kwa hiyo uwezo anao," Katibu akasema, akakaa. Hapakuwa na ubishi tena. Tangu ghala lilipojengwa ufunguo wake ulikaa kwa mwenyekiti, na neno la siri la akaunti kuu nalo lilikuwa ufunguo. Hata majina yanayotokea kwenye kioo mashine inapowaka walitaka yapangwe kwa umri, na Fundi Shehoza alikuna kichwa, akayawekea namba mbele ili wazee watangulie. Mimi nikawa wa mwisho kabisa, chini ya mlinzi, na niliona ni sawa.

Mzee Semgaya akavutiwa kiti. Alikuwa mrefu, mpole, koti lake la kahawia halimtoki hata jua likiwa kali. Fundi akamwambia achague neno lisilojulikana na mtu yeyote, hata mkewe. "Basi geukeni," mzee akasema, na kamati nzima ikageuka, watu wazima na bakora zao, wakatazama ukuta kama wanafunzi waliochelewa. Nilimsikia akibonyeza kwa kidole kimoja, pole pole, kisha akacheka kicheko cha mtoto. "Fundi, zinaota nyota!" Kwenye dirisha la kuandikia lililofunguka kiooni, kila herufi uliyobonyeza ilijionyesha kama nyota ndogo, ili jirani asiisome. Mzee alifurahia nyota zile kupita kompyuta yenyewe. Kila alipokutana na mtu sokoni alimweleza: wewe unatia herufi, yenyewe inatoa nyota, unaziona zinajipanga moja moja mpaka neno litimie.

Basi ikawa kila panapotaka kubadilishwa kitu, nadandia lori mpaka Sindeni kumfuata mwenyekiti. Leo hii nikiwaeleza wanafunzi wangu wanashika mbavu, na mimi huwaacha wacheke, lakini safari zile ndizo ninazozikumbuka kwa utamu. Nilimkuta barazani akisoma gazeti la wiki iliyopita kwa sauti ili mkewe, Bi Mwanaidi, asikie akiwa jikoni. Gazeti alilishika mbali, mkono umenyooka. "Mwenzangu anamsomea jirani," Bi Mwanaidi alitania, "akatafute miwani." Naye alijibu kwamba miwani ni ya wazee. Mchana alisoma msahafu, mkubwa wa herufi nene, akifuatisha kwa kidole. Hatukuondoka kabla sijala. Bi Mwanaidi aliniwekea kunde na wali wa nazi, akinihimiza, "Kula mwanangu, hiyo mashine haikupi nyama," na mzee alikwenda ndani kuvaa koti kana kwamba anaitwa na mkuu wa wilaya. Tukifika ofisini nilimfungulia lile dirisha, nikageukia ukuta mwenyewe bila kuambiwa. Chokaa ya ukuta ule ilikuwa imebanduka kwa umbo la kichwa cha mbuzi, naweza kukuchorea hata sasa. Nyuma yangu kibodi ililia tik, tik, tik, kisha, "Tayari, binti."

Masika ya mwaka ule radi ilipiga laini ya simu ikaunguza modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu. Tulipata nyingine, lakini ilikuja na mambo yake, na wale waliotuunganisha kutoka Korogwe nao walikuwa wamebadilisha namba na anwani zao. Mipangilio yote ya mtandao ilibidi iandikwe upya. Na kumbe radi haikuunguza modemu peke yake. Lile dirisha zuri la mipangilio, lenye vitufe na picha, lilikuwa likifunguka linajifunga papo hapo. Nikampigia Fundi Shehoza kutoka kibanda cha simu. "Usihangaike nalo," alisema. "Fungua lile dirisha jeusi la kuandika amri. Ingia kwa akaunti kuu, kisha nitakutajia mstari kwa mstari." Akaongeza jambo lililonifanya nirudi ofisini karibu nikimbie: kulikuwa na mafunzo ya mafundi yanaanza Korogwe, na nikiurudisha mtandao kwa mikono yangu, yeye mwenyewe ataiambia kamati inipeleke. Machungwa yalikuwa yanaiva. Bei zilikuwa hazijulikani, malori yameshaanza kuzunguka. Kilichobaki ni mzee kuandika neno lake tu.

Alikuja na koti lake. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuingia akaunti kuu, nikageukia kichwa changu cha mbuzi. Kibodi ikalia, tik. Kimya. Tik tena, kwa nguvu zaidi, kisha kimya kirefu. Nikasikia kiti kikilia, kama mtu anayesogeza uso karibu na kioo. Tik. Tik. Alikuwa anaipiga kila herufi mara mbili. "Imekubali?" akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Nikageuka nikasoma. "Bado, mzee. Inasema neno si sahihi." Akarudia. Nikasikia vile vile, kila herufi mara mbili, na safari hii nikamsikia pia akihema. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye kola. "Neno ninalijua," alisema, akitazama mezani. "Ndiyo, mzee." "Ninalijua hili neno, Zaituni." Nikasema huenda mashine ina kiburi leo, tujaribu wakati mwingine. Akaondoka bila kuniaga, yeye ambaye hakuwahi kumpita hata mtoto bila salamu.

Tulijaribu tena, na tena. Kila mara koti, ukuta, herufi zinazopigwa mara mbili. Nilijiambia kwamba amesahau, au mkono unatetemeka kwa uzee, na hayo yote mawili hayasemeki mbele ya mwenyewe. Ningesema nini? "Mzee, unabonyeza mara mbili"? Maana yake nilikuwa nasikiliza. Kumpa mtu kisogo ili aandike siri yake, kisha kuihesabu siri hiyo kwa masikio, kwangu ilikuwa sawa na kumchungulia akioga. Nilihisi nimeona uchi wa mtu mzima bila kutaka. Nilipokwenda Sindeni Bi Mwanaidi aliniwekea sahani kama kawaida, lakini barazani hapakuwa na gazeti. Mzee alikuwa amekaa mikono magotini, akitazama barabara. Tukasalimiana, nikarudi Chanika.

Kamati ilipochoka kusubiri ikamwita Fundi Shehoza. Alikuja, akaizima kompyuta, akaiwasha kwa namna yake ya kifundi, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaingia akaunti kuu bila kuhitaji neno la mtu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katibu Mhando aliona kwa macho yake. "Kumbe mtu anaweza kuingia bila neno la mwenyekiti?" Fundi akajibu kwa uaminifu kwamba mtu anayekaa na mashine, akijua njia, anaweza. "Na akalibadilisha?" "Na akalibadilisha." Benchi lote likanigeukia. Katibu akamuuliza mwenyekiti kwa heshima kama inawezekana amesahau. Mzee Semgaya akasema taratibu, "Neno langu sijalisahau. Ninalijua kama ninavyolijua jina langu." "Basi limebadilishwa," Katibu akasema. Nilimtazama mzee. Nilikuwa nasubiri aseme kitu chochote, hata kwamba ni uzee. Alikuwa anaitazama mikono yake. Fundi Shehoza alijaribu kueleza kwamba zipo sababu nyingine, akaambiwa yeye ameitwa kutengeneza mashine, si kuamua kesi. Nikaombwa ufunguo wa chumba. Nilifunga godoro langu kwa kamba mbele yao wote, na kamba ilikatika, nikafunga tena, na hakuna aliyeinuka kunisaidia.

Nyumbani Mazingara habari zilinitangulia. Nikienda kisimani watani waliniuliza kama maji nimeyafungulia au bado, na waliokuwa wakinicheka hawakuwa wabaya, walikuwa watu wangu. Nilijifunika kanga mpaka puani. Machungwa ya mwaka ule yaliuzwa kwa bei waliyotaja wenye malori, na hilo nalo nikabebeshwa. Mafunzo ya Korogwe yakaanza na kwisha bila mimi. Baadaye Fundi Shehoza alinitumia salamu kwamba dukani kwake kuna ufagio unanisubiri, nikienda atanifundisha mwenyewe, na nikaenda, na hivyo ndivyo nilivyoishi. Miaka yote hiyo nilimfahamu Mzee Semgaya kwa namna moja tu: mtu mwema aliyesahau neno, akaona bora niaibike mimi kuliko yeye. Sikumchukia. Ila kila nilipofundisha somo la akaunti na maneno ya siri, sauti yangu ilikuwa kali bila sababu, na wanafunzi walishangaa.

Kwa nini nilikwenda arobaini yake sijui vizuri. Nadhani nilitaka niwepo pale, na mtu mmoja anitambue. Aliyenitambua ni mjane. Bi Mwanaidi alikuwa ndani kwenye eda yake, akasikia kicheko changu dirishani, akamtuma mjukuu aje aniite. Chumba kilikuwa na giza la mapazia na harufu ya udi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Zaituni. Umenenepa." Akanishika mkono asiuachie. Nje mama wa kanga ya kijani alikuwa ameanza upya hadithi ya kompyuta kwa wageni waliochelewa, na sote wawili tulikuwa tunamsikia.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," alisema. "Marehemu alinikataza akiwa hai. Alikuwa anaona haya."

"Uliza, mama."

"Siku zile za mwisho, kwenye ile kompyuta. Nyota zilikuwa zinatoka?"

Sikuelewa mara moja. Akaendelea, macho yake kwenye mkeka. "Alirudi akakaa hapo ulipokaa wewe. Akaniambia, Mwanaidi, macho yamekwisha. Nabonyeza, sioni kitu. Narudia, labda sikubonyeza vizuri, sioni kitu. Nyota zile zilizokuwa zinanijia, hazinijii tena. Toka siku ile gazeti hakulishika. Msahafu akawa anasomewa na wajukuu. Uenyekiti akaurudisha. Nikimwambia twende hospitali Korogwe ananijibu, nikaambiwe mbele za watu kwamba mimi kipofu? Akawa anatembea kwa kupapasa, mwanangu. Mpaka kweli macho yakafifia, lakini hiyo ni baadaye sana."

"Na siku ya kikao?"

"Angesema nini? Neno alikuwa analijua. Alichokosa ni macho, na hicho hakuweza kukitamka. Siku moja alivaa koti aje kwenu Mazingara. Alifika barabarani akarudi." Akanibana mkono. "Niambie. Zilikuwa zinatoka?"

Ningeweza kudanganya, na ninajua wapo watakaoniona mjinga kwa kutodanganya. Lakini yule mama alikuwa amekaa na swali lile muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi na aibu yangu. Nikamweleza. Lile dirisha la kwanza, lenye picha, linaonyesha nyota. Dirisha jeusi halionyeshi kitu. Unaandika neno lako lote na kioo kinabaki kitupu, ndivyo kilivyotengenezwa, ili aliyekaa jirani asijue hata lina herufi ngapi. Kila anayelitumia anakijua kitu hicho, na akishakijua anasahau kwamba wakati fulani hakukijua. Mimi nilikuwa nimesahau hivyo hivyo. Nilikuwa nimegeukia ukuta kwa heshima, nyuma yangu mtu anapigana na giza ambalo halikuwa la macho yake.

"Hata wewe hukuziona?"

"Hata mimi, mama. Hata fundi. Hakuna mtu anayeziona."

"Basi alikuwa anaona," alisema. "Mume wangu alikuwa anaona." Akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Niliona aibu ambayo ile ya siku ya godoro haikuwa kitu mbele yake. Miaka yote nilisubiri mtu aniambie kwamba sikukosa, na sasa nilikuwa nimeambiwa, na sikuwa na pa kuiweka habari hiyo. Nje wakacheka tena. Bi Mwanaidi akajifuta. "Nilitaka leo niwanyamazishe hao," alisema. "Nilishajipanga. Lakini nikiwanyamazisha watauliza ilikuwaje, na ikijulikana ilivyokuwa, atachekwa yeye kaburini." Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba kitu asichostahili kuomba.

"Waache, mama," nikasema.

Nikarudi mkekani. Dirisha la chumba chake lilikuwa juu ya kichwa changu, pazia limefungwa. Mama wa kanga ya kijani akanisogezea sinia la vitunguu vilivyobaki, akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Korogwe. "Korogwe! Basi yule binti utakuwa unamjua."

"Namjua."

Wote wakanigeukia, hata aliyekuwa anachochea moto. "Hebu tuambie dada, wewe unayemjua. Ni kweli aliifunga?"

Nikachukua kitunguu kingine. "Ni kweli," nikasema, kwa sauti ya kufika dirishani. "Aliifunga."